Madondo au sukuma wiki? Acha kuchagua, damu yako inataka vyote viwili

Ni saa saba mchana. Uko kwenye kibanda nje ya geti la chuo mjini Embu, mfukoni una shilingi mia moja, na lekcha ya saa nane inakungoja. Mwenye kibanda anakutazama, upawa ukiwa hewani. "Chapo dondo, ama ugali sukuma?" Nyuma yako foleni imeanza kunung'unika. Unachagua chapo dondo kwa sababu inashika tumbo hadi jioni. Kesho utachagua hivyo hivyo. Kesho kutwa pia.

Mimi nilikula hivyo karibu muhula mzima. Si maharagwe yana madini ya chuma? Si ndivyo tulivyofundishwa tangu shule ya msingi? Na nikimaliza sahani, nilikuwa naagiza chai ya maziwa, moto kabisa, ya kuteremshia chakula. Nilijiona bingwa wa lishe nikijilinganisha na wenzangu walioishi kwa smokie na soda.

Halafu siku moja wakaja watu wa kukusanya damu. Nikapanga foleni na marafiki, kifua mbele. Nikadungwa kidole, tone likapimwa, na muuguzi akanitazama kwa upole. "Damu yako iko chini, mwanangu. Leo hutatoa. Pitia kliniki, na ule vizuri." Ili uchangie damu hapa Kenya unahitaji hemoglobini isiyopungua gramu 12.5 kwa kila desilita. Yangu ilikuwa 11.1.

Nilishangaa. Maharagwe kila siku, na bado damu haitoshi? Swali hilo lilinipeleka kusoma, kuulizauliza sokoni, na hatimaye kumpigia simu shosho wangu kule Meru. Nilichojifunza ndicho ninachotaka kukuwekea mezani leo, kwa sababu naona wengi wetu tunaishi ndani ya kosa lile lile. Tunachagua upande mmoja wa sahani na kuusahau mwingine.

Nani ana nini?

Tuanze na hesabu. Chukua kikombe kimoja cha maharagwe yaliyoiva, na kikombe kimoja cha mboga za majani zilizopikwa. Viweke kando kwa kando.

Kikombe cha maharagwe kinakupa takriban:
- protini gramu 15
- nyuzinyuzi gramu 11 hadi 13
- madini ya chuma miligramu 4 hadi 5
- nishati ya kilokalori 225 hivi
- foleti kwa wingi (hii ni vitamini ya kundi B inayosaidia kutengeneza damu)
- vitamini C kiduchu, na vitamini A hakuna kabisa

Kikombe cha sukuma wiki kinakupa takriban:
- protini gramu 3 au 4
- madini ya chuma miligramu 1
- nishati ya kilokalori 40 hivi
- vitamini C miligramu 20 hadi 50, kutegemea ulivyoipika
- kalsiamu mara kadhaa ya ile ya maharagwe
- vitamini A na vitamini K kwa wingi

Umeona kinachotokea? Ukiuliza nani anajenga misuli, nani anakushibisha na nani ana chuma kingi zaidi, maharagwe yanashinda bila jasho. Ukiuliza kuhusu macho, ngozi, mifupa, na kinga ya mwili, mboga zinachukua kombe. Ni kama kumlinganisha golikipa na mshambuliaji. Timu isiyo na mmoja wao itafungwa tu.

Ndiyo maana yule rafiki yako wa gym anayekula sukuma bakuli zima akitarajia misuli anajidanganya. Ili apate protini ya kikombe kimoja cha maharagwe kutoka kwa sukuma peke yake, atalazimika kula vikombe vinne au vitano. Na yule wa chapo dondo kila siku, yaani mimi, naye alikuwa anajidanganya kwa njia yake.

Kunde: mmea mmoja, sahani mbili

Kama unataka kuona tofauti hii kwenye shina moja, teremka kutoka mji wa Embu kuelekea Mbeere. Ukifika Siakago, Kiritiri au Ishiara, jua linakuwa kali, udongo unabadilika, na mashamba yanajaa kunde, ndengu na mbaazi. Hali ni hiyo hiyo ukiteremka upande wa Tharaka, au sehemu kavu za Tigania.

Kunde ni mmea wa ajabu kwa sababu unaliwa mara mbili. Majani machanga yanachumwa wiki chache tu baada ya kupanda, yanakuwa mboga. Baadaye maganda yanakomaa, na punje zinakuwa chakula cha sufuria.

Sasa angalia. Gramu 100 za punje za kunde zilizochemshwa zina protini gramu 8 hivi, chuma miligramu 2.5, na foleti zaidi ya mikrogramu 200. Vitamini C karibu hakuna. Gramu 100 za majani ya mmea huo huo, yakiwa yamepikwa, zina protini karibu gramu 5, chuma miligramu 1, vitamini C miligramu 18 hivi, na kalsiamu karibu mara tatu ya ile ya punje.

Mmea ni mmoja, shamba ni moja, lakini umegawa kazi. Kwenye punje umeweka akiba ya kumlea mche utakaoota, ndiyo maana kuna protini, wanga na madini. Jani nalo ni jiko la mmea, linafanya kazi juani mchana kutwa, na limejaa vitamini zinazolinda kazi hiyo isiliunguze. Mkulima wa Mbeere anayepika punje na majani kwenye mlo mmoja hahitaji chati ya lishe ukutani.

Chuma kilichofungiwa kabatini

Turudi kwenye damu yangu. Kama maharagwe yana chuma, kilienda wapi?

Jibu ni kwamba chuma cha mimea hakiingii mwilini kirahisi kama cha nyama. Kwenye maharagwe kimeshikwa na kitu kinachoitwa fitati, ambacho mmea hutumia kuhifadhi madini kwenye mbegu. Maharagwe ya rangi, kama yale mekundu na meusi, yana pia tanini kwenye ganda lake. Hivi viwili vinakikamata chuma tumboni mwako, na kingi kinapita moja kwa moja hadi chooni. Ni kama kuwa na pesa kwenye simu halafu umesahau PIN. Salio unaliona, lakini huwezi kutoa.

PIN yenyewe ni vitamini C. Ikikutana na chuma cha maharagwe tumboni, inakibadilisha kiwe katika hali ambayo utumbo unaweza kukifyonza, na kukikinga kisikamatwe na fitati. Lakini sharti ni moja: vikutane kwenye mlo ule ule. Chungwa la asubuhi haliwezi kusaidia maharagwe ya jioni.

Na vitamini C iko wapi kwenye kibanda? Iko kwenye sufuria ya pili, ile niliyokuwa naikataa kila siku. Iko kwenye sukuma, kwenye terere, kwenye kachumbari yenye nyanya na kabeji mbichi, na kwenye ndimu unayokamulia juu.

Kwa wasichana jambo hili ni zito zaidi. Kiwango kinachopendekezwa Marekani kwa mwanamke wa miaka 19 hadi 50 ni miligramu 18 za chuma kwa siku, wakati mwanaume wa umri huo anahitaji 8 tu, kwa sababu hedhi huondoa chuma kila mwezi. Tena viwango hivyo ni vya mtu anayekula nyama pia. Anayetegemea mimea peke yake anashauriwa kulenga karibu mara mbili ya hapo. Wangapi kati yetu tunakula nyama kila siku? Tunaiona Krismasi na kwenye harusi.

Upungufu wa damu hauji ukipiga honi. Unaanza na uchovu unaosema ni wa masomo. Unapanda ngazi za hosteli ukihema. Unasoma ukurasa mmoja mara tatu, haukai kichwani. Unasema ni stress. Wakati mwingine ni damu.

Ile chai ya kuteremshia

Hapa ndipo watu wa Embu na Meru mtanikasirikia. Sisi ni watu wa chai na kahawa. Juu kule Embu kuna viwanda vya chai vya Mungania na Rukuriri. Meru kuna Githongo, Imenti, Kionyo na vingine. Teremka kidogo kuelekea Runyenjes au Nkubu, unaingia kwenye mashamba ya kahawa. Mgeni akifika, kabla hajaketi vizuri, kikombe kiko mkononi.

Shida ni kwamba chai ina tanini nyingi. Ukinywa pamoja na mlo wa mimea, inaweza kukata zaidi ya nusu ya chuma ambacho ungefyonza. Kahawa nayo ina vitu vyake vya kufanya kazi hiyo hiyo, ingawa kwa nguvu ndogo kidogo. Na usifikiri maziwa yatakuokoa, kwa sababu watafiti waliojaribu kuongeza maziwa kwenye chai waliona hayabadilishi mambo sana.

Kwa hiyo mimi, na ujanja wangu wote, nilikuwa nakula maharagwe bila mboga, kisha nafunga mlango kwa chai. Chuma kilikuwa mle, lakini nilikuwa nimekiwekea kufuli mbili.

Sisemi uache chai. Nani anaweza? Isogeze tu. Ngoja angalau saa moja baada ya kula, au kunywa saa nne, katikati ya kiamsha kinywa na chakula cha mchana. Kwenye mlo wenyewe kunywa maji.

Na kwa kuwa tuko nyumbani, tuseme ukweli mwingine. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere huua hamu ya kula. Wasee wanaotafuna mchana kutwa wanaruka milo, na sahani iliyorukwa haina protini wala vitamini, hata kama wewe ni mtoto wa mkulima wa ndengu.

Si kila jani ni sawa

Kuna imani kwamba kadiri mboga ilivyo ya bei, ndivyo ilivyo na lishe zaidi. Wengi wakipata pesa kidogo wanahama kutoka sukuma kwenda spinachi, kama mtu anayehama bedsitter kwenda one-bedroom. Subiri kwanza.

Spinachi ina kalsiamu nyingi kwenye karatasi, lakini ina pia oksaleti, ambayo huikamata kalsiamu hiyo isitumike. Watafiti Robert Heaney na Connie Weaver walipima jambo hili Marekani. Mwaka 1988 Heaney na wenzake waliona kwamba mwili ulifyonza karibu asilimia 5 tu ya kalsiamu ya spinachi. Mwaka 1990 yeye na Weaver wakapima mboga ya jamii ya sukuma wiki na kupata karibu asilimia 41, juu kuliko maziwa, ambayo yalipata 32. Hiyo sukuma unayoidharau kwa sababu ni ya kusukuma wiki inajenga mifupa kuliko spinachi ya supamaketi.

Terere nayo ni hazina. Kikombe kimoja kikipikwa kina chuma miligramu 3 hivi na vitamini C miligramu 50 hivi. Ina oksaleti kama spinachi, kwa hiyo kalsiamu yake usiitegemee sana, lakini kwa kusindikiza maharagwe ni ngumu kuishinda. Halafu inaota yenyewe kando ya shamba baada ya mvua. Kuna pia managu, majani ya malenge na majani ya kunde. Mtafiti Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha JKUAT ametumia miaka mingi ya kazi yake kuonyesha kwamba mboga hizi za kienyeji, ambazo watu waliziita chakula cha maskini, zina lishe inayoweza kushindana na kabeji na kuishinda.

Na upande wa jamii ya kunde pia kuna chaguo. Ndengu huiva haraka na haisumbui tumbo sana. Kwenye maharagwe, taasisi ya utafiti wa kilimo ya KALRO, ambayo ina kituo pale Embu, imetoa aina kama Nyota, Angaza na Faida, zilizochaguliwa kwa sababu zina chuma na zinki nyingi kuliko maharagwe ya kawaida. Ukiona jina Nyota sokoni, sasa unajua ni nini.

Shosho alijua bila maabara

Nilipompigia shosho na kumweleza habari za fitati na vitamini C, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka. "Kwani mukimo wa hapa kwangu huwa unauona una rangi gani?"

Kijani. Huwa ni kijani.

Fikiria mukimo wa huku kwetu. Kuna viazi, kuna mahindi, kuna maharagwe au minji, na vyote vinapondwa pamoja na majani ya malenge au thabai, ule upupu unaochoma mbichi na kutulia ukipikwa. Punje na jani ziko sufuria moja, huwezi kuchagua hata ukitaka.

Githeri nayo ina hesabu yake. Protini ya mahindi ina upungufu wa kijenzi kinachoitwa laisini. Maharagwe yana laisini nyingi, lakini yana upungufu wa kingine, methionini, ambacho mahindi yanacho. Vikikutana, kimoja kinaziba pengo la kingine. Hali ni ile ile kwa wali wa Mwea na ndengu za Mbeere. Githeri ikitiwa sukuma au terere dakika za mwisho inakuwa mlo kamili. Githeri kavu ya bweni, ile tuliyoichukia shuleni, ilikuwa imekosa hilo jani tu.

Na njahi? Mama akijifungua huku, njahi hupikwa. Lakini njahi si nyingi mashambani kama zamani. Mwanahistoria Claire Robertson aliandika mwaka 1997 jinsi enzi ya ukoloni ilivyosukuma mbele maharagwe ya kuuza na kuirudisha njahi nyuma katika Kenya ya kati. Kwa hiyo si sisi wa kwanza kuambiwa tule upande mmoja wa shamba.

Hata jiografia yetu inafundisha hivyo. Nenda soko la Gakoromone mjini Meru siku yenye watu. Kuna gunia za ndengu na mbaazi zilizopanda kutoka Tharaka, na kando yake kuna mboga zilizoteremka kutoka kwenye miinuko ya Mlima Kenya. Nyanda kavu zinaleta punje, mlima unaleta majani. Soko lote linafanya kazi ya kuvikutanisha. Wewe ndiye unayevitenganisha tena ukifika kibandani.

Makosa tunayofanya jikoni

Unaweza kununua vyote viwili na bado ukavipoteza kwenye sufuria. Angalia haya:

Kuosha baada ya kukata. Vitamini C na foleti huyeyuka kwenye maji. Osha majani yakiwa mazima, kisha ukate.

Kupika hadi mboga ibadilike rangi. Dakika chache zinatosha. Sukuma iliyokaa motoni nusu saa imebaki na nyuzinyuzi na madini, lakini vitamini C nyingi imeharibiwa na joto.

Kutotumia mafuta kabisa. Vitamini A ya majani huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Kijiko kimoja kinatosha. Au weka avokado kando, na huku hatuna uhaba wa avokado.

Magadi. Yanalainisha maharagwe haraka na kuokoa gesi, ni kweli. Lakini yanaharibu vitamini B1, na kwenye mboga yanaua vitamini C. Njia bora ni kuloweka maharagwe usiku kucha, kumwaga yale maji, kisha kuchemsha kwa maji mapya. Utaokoa gesi, utapunguza fitati, na wenzako wa chumba watakushukuru kwa sababu tumbo halitanguruma usiku.

Maharagwe yasiyoiva. Hili si mchezo. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoitwa lektini. Yasipochemka sawasawa, unaweza kutapika ndani ya saa chache. Yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 angalau, kisha endelea kwa moto mdogo hadi yalainike kabisa.

Kwa bajeti ya hosteli

Najua unachofikiria. "Haya yote ni mazuri, lakini pesa ni ile ile mia." Sawa. Hapa kuna njia ambazo nimejaribu mwenyewe.

Kibandani, usiulize dondo ama sukuma. Uliza nusu kwa nusu. Wenye vibanda wengi watakuchanganyia bila kuongeza bei, au kwa shilingi kumi. Kama hawana mboga, omba kachumbari au ndimu.

Ukipika mwenyewe, chemsha maharagwe mengi Jumapili mkiwa watu watatu au wanne, mgawane gesi, mweke kwenye friji kama ipo, au mpike ya siku mbili tu kama haipo. Mboga nunua kila siku kwa mama mboga, fungu dogo, na uipike dakika tano.

Punje nunua wakati wa mavuno, bei ikiwa imeshuka. Kilo chache za ndengu zilizokauka vizuri zinakaa miezi kwenye ndoo yenye kifuniko. Majani hayakai, kwa hiyo huko usiweke akiba.

Na ujanja wa mwisho ni kuotesha ndengu. Loweka kikombe kimoja usiku, mwaga maji, funika kwa kitambaa chenye unyevu, na uzisuuze asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu zimetoa mikia. Kuota hupunguza fitati na kuzalisha vitamini C ambayo punje kavu haina. Zikaange kidogo na kitunguu na nyanya kabla ya kula, ili kuua vijidudu. Umepata punje na jani kwenye kitu kimoja, bila shamba.

Kabla hujafunga ukurasa huu

Sitakudanganya kwamba sukuma ni dawa. Damu ikishuka inaweza kuwa ni hedhi nzito, malaria, minyoo, au ugonjwa mwingine ambao sahani haiwezi kuutibu. Ukijihisi mchovu kila siku, ukihema bila sababu, au kucha na ndani ya kope zikiwa nyeupe, nenda upimwe. Kipimo cha hemoglobini ni tone moja la damu na dakika chache. Ukiwa mjamzito usingoje dalili. Kliniki za wajawazito hutoa vidonge vya chuma na foleti, na unavihitaji hata kama unakula vizuri.

Mimi mwenyewe nilipewa vidonge kliniki, kwa hiyo sitasema ni mboga tu zilizoniinua. Lakini nilibadilisha sahani pia, na nikaisogeza chai hadi saa kumi. Ilikuwa ngumu wiki ya kwanza. Baada ya hapo nikazoea.

Muhula uliofuata wale watu wa damu walirudi. Nikapanga foleni tena, safari hii bila kifua mbele. Kidole kikadungwa, mashine ikafikiri kidogo, ikaandika 12.9. Nikalazwa kwenye kiti, mfuko ukajaa polepole, na mwishoni nikapewa soda na biskuti. Kwa mara ya kwanza maharagwe yangu yalikuwa yanakwenda kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo leo saa saba, ukiulizwa "Dondo ama sukuma?", unajua la kusema. Na chai iache kwanza, utaikuta saa kumi.